Mashine kuukuu, sensa za kubandika: namba zikikushangaza, anza hapa

Karakana nyingi za Kampemba, hapa Lubumbashi, bado zinaishi kwa mashine zilizofika Katanga kabla ya 1967, enzi za Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, au miaka michache baadaye. Chuma chake hakina neno. Tatizo ni kwamba hazisemi: hazina kompyuta ndani, hazina tundu la kuchomeka waya wa data, na michoro yake ya umeme, kama bado ipo, imeliwa na panya. Mwenye karakana naye anataka kujua mambo madogo tu. Ile mashine ya kukereza imefanya kazi saa ngapi leo? Kompresa inawaka mara ngapi? Mota ya kinu inapata moto kiasi gani?

Njia isiyo na ugomvi ni kubandika sensa, yaani vihisi, kwa nje: pensi ya ampea (kibanio kinachozunguka waya na kupima mkondo) kwenye waya, sensa ya mtetemo kwenye nyumba ya beringi, sensa ya joto kwenye mwili wa mota, jicho la mwanga mbele ya taa ya paneli. Hukati waya, hutoboi chuma, hugusi mfumo unaoendesha mashine. Ikizima kesho, hakuna atakayesema ni wewe.

Mwongozo huu ni wa siku zinazofuata, pale kila kitu kimeshabandikwa na namba zinaanza kuja zisizoeleweka. Shika hili unapousoma: kabla hujafungua kompyuta, nenda usimame kando ya mashine, uone inafanya nini, ndipo usome skrini. Vijana wengi huanza na programu kwa sababu wanaweza kuirekebisha wakiwa wamekaa. Mara nyingi kosa liko kwenye paneli, mahali pensi ilipofungwa.

Hatari kwanza

Pensi inafungwa ndani ya paneli, na paneli ya volti 380 haina huruma. Zima swichi kuu, itie kufuli, pima uhakikishe hakuna umeme, ndipo uingize mkono. Delestaji, yaani mgao wa umeme, si kuzima: umeme wa SNEL, shirika la umeme, hurudi bila kupiga hodi.

Kwenye paneli za zamani utakuta pia transfoma za ampea zenye pato la ampea 5, zile zinazosukuma mita ya mshale. Usifungue kamwe waya wa pato lake wakati mashine inazunguka. Likiachwa wazi, volti zinapanda hadi kuua mtu. Ukitaka kusoma hapo, zungushia pensi yako ndogo kwenye huo waya wa pato bila kuukata, kisha uzidishe kwa uwiano ulioandikwa kwenye transfoma.

Mota inanguruma, skrini inasema sifuri

Kwanza angalia pensi imebana nini. Ikiwa imezunguka kebo nzima yenye nyaya tatu za fezi, haitasoma kitu, hata mota iwe inavuta ampea 40. Kila nukta ya wakati, mikondo ya fezi tatu ikijumlishwa inatoa sifuri, na pensi inaona jumla tu. Ni hivyohivyo kwa waya wa nyumbani wenye fezi na nyutro pamoja. Tafuta mahali nyaya zinapoachana, kwa kawaida chini ya kontakta (swichi ya sumaku inayowasha mota), ubane mmoja peke yake.

Pili, meno ya pensi. Vumbi jekundu la kiangazi, ambalo Lubumbashi linaingia hata kwenye droo iliyofungwa, likikaa kati ya nusu mbili za ferraiti, usomaji unashuka. Ufa mwembamba unatosha. Futa kwa kitambaa kikavu, bana hadi usikie mlio wa kufunga.

Tatu, soma maandishi ya pensi yenyewe. SCT-013-000 na SCT-013-030 zinafanana kama mapacha, lakini ya kwanza inatoa miliampea 50 kwa ampea 100 na inahitaji umpe rezista, ya pili inatoa volti 1 kwa ampea 30 na rezista yake imo ndani. Ukiiongezea ya pili rezista nyingine, namba zinanyauka. Ukiinyima ya kwanza, mawimbi yanakatwa vichwa na namba haziongezeki hata mzigo ukipanda.

Ikiwa ilisoma vizuri mezani na ikafa baada ya kuwasha Wi-Fi, tatizo ni pini. Kwenye ESP32 ya kawaida, ile bodi ndogo yenye Wi-Fi inayosoma sensa, kundi la pili la pini za kupima volti haliaminiki Wi-Fi ikiwa inafanya kazi. Hamia pini 32 hadi 39. Pima pia volti ya katikati, zile rezista mbili za kilo-omu 10 zinazogawa volti 3.3: mota ikiwa imezimwa, unapaswa kukuta karibu volti 1.65. Ukikuta 0 au 3.3, kuna kiungo cha risasi kilichoachia.

Mota ndogo ya ampea 2 ndani ya pensi ya ampea 100 nayo itaonekana kama kelele tu. Kama waya una urefu wa ziada, upitishe mara tatu ndani ya pensi, kisha ugawe jibu kwa tatu. Kama hauna, nunua pensi ndogo.

Skrini inasema inafanya kazi, kumbe hakuna kazi

Hii ndiyo dalili inayokula muda kuliko zote. Nilisimama siku moja mbele ya mashine ya kukereza, simu mkononi ikionyesha kijani. Mandreni, ile sehemu inayoshika na kuzungusha chuma, ilikuwa imetulia kabisa. Mkereza, mzee wa miaka mingi kwenye ile kazi, alikuwa amekaa juu ya kreti.

"Papa, mashini iko natumika?"

"Motere ndiyo iko natumika, mwana. Miye niko nakunywa chai."

Kwenye mashine nyingi za zamani mota huwashwa asubuhi na kuachwa izunguke. Kinachoanzisha na kusimamisha kazi ni mkono wa klachi. Pensi iko kwenye waya wa mota, kwa hiyo inatoa habari za mota tu. Ukiitumia kuhesabu saa za kazi, utampelekea mwenye karakana ripoti nzuri ya uongo.

Watu husema, basi tupandishe kizingiti: mota tupu inavuta kidogo, ikikata chuma inavuta zaidi. Ni kweli, lakini tofauti ni ndogo kuliko wanavyodhani. Mota ya umeme inavuta mkondo wa kujenga sumaku hata ikiwa haina mzigo, na kwa mota nyingi mkondo huo unafika theluthi moja hadi nusu ya ule ulioandikwa kwenye kibati cha mota. Tena mkondo wa sumaku na mkondo wa kazi haujumlishwi kama maembe, kwa sababu mmoja unachelewa robo mzunguko nyuma ya mwingine. Chukua ampea 6 za sumaku, weka juu yake ampea 3 za kazi: pensi haisomi 9, inasoma 6.7. Ukataji mwepesi wa shaba, wenye ampea 1 ya kazi, utaipeleka 6.1. Hapo kizingiti unakiweka wapi?

Kwa hiyo kabla ya kuandika kizingiti chochote, muombe mkereza aipitishe mashine kwenye hali zote huku unarekodi: imezimwa, mota inazunguka bila klachi, mandreni inazunguka tupu, inakata kidogo, inakata sana. Angalia zile namba. Kama kati ya hali mbili kuna nafasi wazi, weka kizingiti katikati ya nafasi. Kama zinaingiliana, sensa hiyo haiwezi kutenganisha hali hizo, na hakuna hesabu ya programu itakayoiokoa.

Tiba zipo. Kwa swali la mandreni kuzunguka, bandika ukanda unaoakisi mwanga kwenye mandreni na jicho la mwanga kwenye fremu, au sensa ya mtetemo kwenye kichwa cha mashine, upande wa beringi za mbele. Kwa swali la kukata, unahitaji wati za kweli, maana yake usome na volti. Adapta ndogo ya transfoma iliyochomekwa kwenye tundu la fezi ileile ya pensi inatosha kukupa umbo la volti bila kugusa paneli. Lazima iwe fezi ileile. Ukikosea, wati zinatoka za ajabu, wakati mwingine hasi.

Na kuna mtego wa Juni na Julai. Asubuhi za hapa zinaweza kushuka chini ya nyuzi 10, mafuta ya gia yanakuwa mazito, na mota tupu inavuta zaidi hadi ipate moto. Kizingiti kilichowekwa saa saba mchana kitahesabu nusu saa ya kwanza ya asubuhi kama kazi. Rekodi hali zako mashine ikiwa baridi pia.

Namba iko karibu sita ya kumi ya uliyotegemea

Angalia kama mota inawashwa kwa nyota kisha delta, yaani inaanzishwa taratibu kwa kubadili miunganisho ya nyaya zake. Ukiona kontakta tatu na nyaya sita zinazokwenda kwenye mota, ndivyo ilivyo. Kila waya kati ya ile sita hubeba asilimia 58 tu ya mkondo wa laini ikiwa kwenye delta. Hamisha pensi juu, kabla ya kontakta, au zidisha kwa 1.73. Mimi nahamisha, kwa sababu atakayekuja baadaye hatajua kwamba kuna kuzidisha.

Mota imeungua na skrini haikusema kitu

Pensi moja kwenye fezi moja haitoshi kulinda mota. Fyuzi ya fezi nyingine ikikatika, mota yenye mzigo inaendelea kujikokota kwa fezi mbili, na kila moja inabeba karibu mara 1.7 ya kawaida. Ukiwa na pensi moja tena kwenye fezi iliyokatika, skrini itasema mashine imezimwa huku nyaya zinakaangika. Weka pensi tatu. Kengele yenyewe ni rahisi: moja ikisoma sifuri na nyingine zimepanda, piga simu. Hata hivyo hii ni taarifa tu, kazi ya kukata umeme ni ya rilei ya mota, na kama rilei hiyo imefungwa waya wa kuipita, kama inavyofanyika mno huku kwetu, anza kwa kuirudisha.

Namba zinaruka bila mpango

Kama kuna varyata inayobadili mwendo wa mota, usibane waya unaotoka kwenye varyata kwenda kwenye mota. Mkondo wa pale umekatwakatwa, masafa yake yanabadilika, na ikienda polepole sana pensi ya kawaida inashindwa. Bana waya unaoingia. Waya wa sensa nao usiulaze sambamba na kebo ya mota. Upitishe mbali, na pale panapolazimu, uvuke kwa pembe mraba.

Kama hakuna varyata, uliza jirani anachomelea chuma saa ngapi.

Sababu ya tatu ni jenereta. Programu nyingi hupima kwa dirisha la mizunguko kamili ya Hz 50. Jenereta iliyochoka inatembea kwenye 47 au 52, dirisha halikai sawa, na namba zinapanda na kushuka kama mawimbi. Refusha dirisha, chukua nusu sekunde au zaidi, na kuyumba kunapungua.

Mtetemo umepungua ghafla, au haukuwahi kuwa wa kweli

Ukipungua ghafla, usishangilie kwamba beringi imepona. Sensa imelegea. Sumaku juu ya rangi nene, juu ya grisi au juu ya uso wa mviringo inayumba, na mkanda wa sponji wenye gundi pande mbili unameza mtetemo kama godoro. Kwangua rangi sehemu ndogo, tafuta uso bapa, weka sumaku moja kwa moja kwenye chuma. Mota za zamani zina mwili wa chuma cha kusubu na sumaku inashika vizuri. Zile mpya zilizobadilishwa mara nyingi ni za alumini, na hapo utahitaji gundi ngumu ya epoksi. Usiweke sensa kwenye kifuniko cha feni cha bati. Kile kinapiga ngoma yake chenyewe.

Ukiona mtetemo mashine ikiwa imezimwa, ni sakafu inayoleta habari za jirani. Angalia mwendo: mota ya ncha nne za sumaku kwa Hz 50 inazunguka karibu mara 1,440 kwa dakika, yaani kilele cha Hz 24. Kilele kikiwa kwingine, huenda unasoma kompresa ya ukuta wa pili.

Usitegemee makubwa mno kutoka kwa sensa za bei nafuu. MPU-6050, sensa ndogo ya mtetemo, inatoa sampuli 1,000 kwa sekunde kwa upande wa mtetemo, kwa hiyo chochote juu ya Hz 500 hakionekani, na beringi inayoanza kuharibika hulia juu zaidi ya hapo. Inatosha kujua inazunguka au haizunguki, na kuona uzito usiosawazika au shafti zisizonyooka. Kama kipimo cha kulinganisha, kiwango cha zamani cha ISO 10816 kwa mashine za hadi kW 15 kiliona milimita 1.8 kwa sekunde kuwa bado inavumilika na juu ya 4.5 kuwa hatari. Lakini kwa mashine yenye miaka 60, historia yake yenyewe ina maana kuliko jedwali: ilikuwa 2.5 mwezi mzima, leo ni 4, nenda kaangalie.

Joto linasema 85, au −127

Hizi mbili zikitoka kwenye sensa ya joto ya DS18B20, usimwite fundi wa mota. Nyuzi 85 kamili ndiyo namba ambayo sensa hii huamka nayo kabla haijapima, kwa hiyo ama umesoma mapema mno ama inazimika na kuwaka. −127 ni jinsi programu inavyosema sikumpata mtu: waya umekatika, au ile rezista ya kilo-omu 4.7 haipo.

Sensa ya mwanga wa joto, ile ya kuelekeza bila kugusa, kwa upande wake, hudanganywa na chuma kinachong'aa. Itasoma chini sana. Bandika kipande cha mkanda mweusi usiong'aa, uelekeze hapo.

Kuhusu namba za kweli: mota za kiwango cha kawaida zimekadiriwa kwa mwinuko usiozidi mita 1,000, na Lubumbashi iko karibu mita 1,200, hewa nyepesi kidogo, basi usishtuke kwa nyuzi chache za ziada. Ila soma daraja la insuleti, kihami cha nyaya za ndani, kwenye kibati. Daraja F linavumilia nyuzi 155 kwenye nyaya za ndani. Mota ya zamani ya daraja A inaishia 105, na nyaya za ndani daima zina moto kuliko mwili unaoupima.

Taa ya paneli inasomwa vibaya

Ikitokea saa ileile kila siku, ni jua la dirishani. Ikizidi kufifia wiki hadi wiki, ni vumbi. Kipande cha bomba jeusi kati ya taa na jicho kinatibu yote mawili kwa sehemu kubwa. Taa yenyewe ikiwa imeungua tangu zamani, kama ilivyo kwa nyingi, badilisha balbu kwanza.

Kifaa kinapotea hewani

Paneli ya chuma inafunga Wi-Fi ndani. Toa antena nje kwa waya wake, usiache kisanduku kizima kikining'inia mlangoni. Kama kinajiwasha upya kila kinapotuma, chaja ndiyo dhaifu: ESP32 inaruka juu ya miliampea 300 kwa kitambo kifupi, na chaja ya bei ya soko, volti za laini zikiwa zimeshuka jioni, haiwezi. Chaja nzuri na kapasita ya mikrofaradi 470 karibu na bodi humaliza maneno.

Saa na tarehe hazilingani na karakana

Rekodi zikiwa na tarehe ya 1 Januari 1970, kifaa kimewaka bila intaneti na hakijui ni lini. Kipe saa ya betri, DS3231, na kadi ya kumbukumbu ya kuhifadhia hadi mtandao urudi.

Kama kila kitu kiko nyuma kwa saa moja kamili, mtu amechagua majira ya Kinshasa. Huko ni UTC+1, hapa ni UTC+2. Chagua Africa/Lubumbashi. Inaonekana ndogo, lakini zamu ya asubuhi inayoanza saa moja itaonekana inaanza saa kumi na mbili, na mlinzi ataulizwa nani aliingia.

Sensa inakutwa imeng'oka kila Jumatatu

Wakati mwingine sababu ni ya kawaida: Jumamosi watu husafisha kwa hewa ya kompresa, na mafuta ya kukatia huyeyusha gundi. Funga kwa kamba za plastiki, mbali na sehemu zinazozunguka na mbali na njia ya vipande vya chuma.

Lakini ikiwa ni ileile tu, ya mashine ileile, jua kwamba mtu anaing'oa. Ameelewa kwamba kisanduku kimewekwa ili kumhesabia dakika za kupumzika, na pengine hajakosea. Usijibu kwa kuficha sensa. Ongea na msimamizi mbele ya wenye mashine, sema kinachopimwa, na uigeuze skrini iwatazame wao badala ya kuifungia ofisini. Kisha tenga hali ya kukosa umeme na hali ya mashine kusimama. Inahitaji kitu kidogo: kifaa kiwe na betri yake, na adapta moja ikiambie kama laini ina umeme. Bila hiyo, saa tatu za delestaji zinaandikwa kwa jina la mkereza. Safu ya "hakuna umeme" iweke ya kwanza juu ya skrini, kwa herufi kubwa, kabla ya safu ya "imesimama".